Danieli Alimwendea Mgawa Chakula

Tafakari ya juma
Masomo: Danieli 1:3–16, 1 Wakorintho 10:23–33

Somo letu la kwanza tumelizoea kwa namna moja tu. Tangu shule ya Jumapili tunaambiwa kwamba Danieli ni kijana aliyekataa chakula cha mfalme, na tukishafika kwenye kukataa tunafunga kitabu. Safari hii nawaomba msome polepole mistari ya katikati, wa nane hadi wa kumi na nne, mtazame alivyokataa. Vijana wanne wametolewa Yuda, wamepelekwa Babeli kusomeshwa miaka mitatu kwa gharama za serikali. Wamechaguliwa kwa sababu vichwa vyao ni vyepesi. Wamepewa majina mapya, lugha mpya, na posho ya kila siku kutoka meza ya Nebukadreza. Danieli anaazimia moyoni kwamba chakula kile hakitaingia kinywani mwake. Baada ya hapo hagomi, hashindi njaa kwa siri, wala hajifanyi anakula huku akimwaga chini ya meza. Anakwenda kusema. Anaanza juu, kwa Ashpenazi, mkuu wa matowashi wa mfalme. Mkubwa huyo anampenda, lakini anakihofia kichwa chake mwenyewe iwapo mfalme atawaona vijana wamekonda. Danieli hapandishi sauti. Anashuka ngazi moja, anamwendea msimamizi, mtu wa kawaida aliyekuwa akiwagawia chakula, anamwomba siku kumi tu: mboga na maji, kisha msimamizi atazame kwa macho yake na aamue mwenyewe.

Sababu ya Danieli ilikuwa unajisi, haikuwa afya, na tusiipindishe ili itufae. Ninachokitaka mimi ni ile safari yake ya kwenda kusema. Watoto wetu wengi hawaijui njia hiyo, ya kutoka bwenini hadi kwa mtu anayeshika upawa, na wapo ambao uhai wao uko kwenye njia hiyo.

Julai ni mwezi wa matranka. Majina ya kidato cha tano yametoka TAMISEMI na stendi zimejaa magodoro yaliyofungwa kamba. Mtoto wa Tanga kapangiwa Njombe, wa Karagwe anashukia Masasi. Orodha iliyokuja na maelekezo ya kujiunga imetimizwa, hadi reki na fyekeo. Fomu ya uchunguzi wa afya nayo imejazwa, mara nyingi na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni: macho mazuri, moyo mzuri, muhuri. Penye swali la maradhi mengine mzazi kajibu hakuna, kwa kuogopa mtoto asije akakosa nafasi. Mficha maradhi, wahenga walishasema kinachomuumbua.

Nyumbani, mzio wa mtoto huwa ni kazi ya mama. Ni yeye anayejua kwamba huyu akila karanga midomo inavimba, kwamba yule akilala kwenye mto wa sufi anaamka kifua kinapiga filimbi. Kwenye harusi ndiye anayenyanyuka kwenda kuuliza kisamvu kimetiwa nini. Mtoto mwenyewe amekua bila kulazimika kujua lolote. Ukimuuliza anatumia dawa gani atakwambia ni kile kidonge kidogo cha njano. Kisha siku moja anapanda basi, na maarifa yote ya miaka kumi na saba yanabaki jikoni kwa mama yake.

Mwili wenye mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, umekosea adui. Kinga iliyowekwa ipambane na vijidudu inakishambulia kitu kisicho na hatia, kama punje ya karanga au kipande cha samaki. Daktari wa Austria aliyeupa mzio jina lake la kitaalamu mwaka 1906, Clemens von Pirquet, alikuwa amesoma teolojia Innsbruck kabla hajahamia udaktari (nalitaja hili kwa furaha kidogo ya kikazi, mnisamehe). Yeye na mwenzake Béla Schick waliwachunguza watoto waliochomwa sindano za kinga zilizotengenezwa kwa damu ya farasi. Waliona kwamba mtoto aliyechomwa mara ya pili alidhurika upesi zaidi, na mara nyingine kwa ukali zaidi, kuliko alipochomwa mara ya kwanza. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu. Ndiyo maana nikisikia mwanafunzi anasema mwaka jana vilitoka vipele tu, sipati faraja yoyote. Vipele vya mwaka jana haviahidi kwamba safari ijayo itakuwa vipele.

Sasa mweke mtoto huyo kwenye foleni ya bwalo saa moja asubuhi. Kuna uji. Nani anaogopa uji? Lakini uji wa lishe, ule tunaousifu kwa kuwa na kila kitu, una kila kitu kweli: mahindi, ulezi, soya, na karanga zilizosagwa hadi hazionekani wala hazitafuniki. Mchicha wa mchana pengine umetiwa karanga ili uwe mzito. Jumamosi akiruhusiwa kutoka ataagiza chipsi kibandani, akiamini kwamba viazi ni viazi, kumbe mafuta yale yamekaanga samaki tangu asubuhi. Andazi lina maziwa, pengine na yai. Na hata sufuria mbili zikitengwa vizuri, mwiko unaweza kuwa mmoja.

Anayehamia pwani kusoma ana jambo lake jingine. Kijana wa Tabora au Singida anaweza kufika Dar es Salaam au Unguja akaonja kamba kwa mara ya kwanza maishani na koo likamwasha siku hiyo hiyo. Wataalamu wanaeleza kwamba protini moja iliyomo ndani ya kamba inafanana na ile ya wadudu wadogo wa vumbi la magodoro na ile ya mende. Kwa hiyo mwili uliojifunza kuchukia vumbi huko bara unaweza kumdhania kamba ni yule yule. Mzio wa vyakula vya baharini hauna tabia ya kuishia utotoni. Huweza hata kuanzia ukubwani.

Ndiyo maana mtoto lazima aseme, na aseme mapema, kabla njaa na aibu havijaingia. Kwa nani? Mwalimu mkuu atapokea barua, na barua ni muhimu, lakini mwalimu mkuu hapakui. Mpishi ndiye anayejua unga umechanganywa nini. Matroni au patroni ndiye mwenye funguo usiku. Na yuko mtu wa tatu ambaye wazazi humsahau kabisa: anayelala kitanda cha juu. Huyo ndiye atakayesikia mwenzake anavuta pumzi kwa shida saa nane za usiku, na kama hajaambiwa kitu atadhani ni ndoto mbaya. Watatu hao wakijua, mama amepata wasaidizi.

Kuna wanaoogopa kwamba kusema ni utovu wa adabu, hasa kwa mwanafunzi wa chuo aliyepokewa kwenye nyumba ya ndugu au ya muumini. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe. Naelewa. Lakini ubaya hutokea sahani ikishatua mezani, mwenyeji ameketi, na mgeni anachokoa pembeni. Jambo lile lile likisemwa asubuhi linageuka heshima:

“Shikamoo mama. Naomba nikwambie kabla hujabandika: karanga hunibana koo hadi nashindwa kupumua. Mboga isiyo na karanga nakula yoyote.”

“Marahaba mwanangu. Basi yako nitaipakua kwanza, na mwiko nitatumia mwingine.”

Sijapata kumwona mama wa Kitanzania aliyeambiwa hivyo akanuna.

Hapa ndugu mmoja ataninyooshea kidole kutoka somo letu la pili. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wakialikwa na mtu wale walichowekewa bila kuuliza maswali. Nimesikia mstari huo ukitumiwa kumnyamazisha mtoto mbele ya sahani. Tuusome vizuri. Paulo anazungumzia dhamiri na nyama ya sokoni ambayo huenda imepita kwenye madhabahu ya sanamu. Koo linalovimba halimo kwenye hoja yake. Halafu mstari unaofuata, ambao wenye kidole huwa hawaufikii, unasema kwamba akitokea mtu mezani akakujulisha habari za nyama ile, basi usile, kwa ajili yake huyo aliyekujulisha. Meza ya Paulo ni meza ambayo neno la mtu mmoja linaweza kubadilisha anachokula jirani yake. Na sura mbili nyuma, mtume huyo huyo yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumwangusha ndugu. Anayeweza kuacha nyama milele hawezi kushindwa kubadilisha mwiko.

Lakini nisiwaegemee wanafunzi bila kuwaambia ukweli wao. Kila aliyesoma bweni anaijua dayati. Ni kile chakula cha wagonjwa, aghalabu wali wakati wengine wote wanakula ugali na maharage, na kila muhula idadi ya wagonjwa wake huongezeka kwa namna ambayo hospitali haiwezi kuieleza. Ghafla darasa zima lina vidonda vya tumbo. Wengine wana aleji ya maharage inayopona Jumapili ya nyama. Tunacheka, na mimi nilicheka, lakini uongo huu unamwumiza mtu, na anayeumia ni yule mmoja mwenye ugonjwa wa kweli. Matroni amedanganywa mara nyingi, siku huyu anakuja na midomo imevimba anaambiwa arudi darasani aache maigizo. Ile amri ya kutoshuhudia uongo huwa tunaifundisha kwa habari za mahakama. Iko na bwaloni pia. Na tusichanganye mambo: tumbo linalounguruma baada ya maziwa, jambo la kawaida kwa watu wazima wengi wa kwetu, linasumbua lakini haliui. Mwenye hilo aseme ni hilo.

Kwa walezi waliokwisha kudanganywa nina ombi moja zito. Takeni karatasi ya daktari, pigeni simu nyumbani, ulizeni maswali yote mnayotaka. Msimjaribu mtoto kwa kumtilia kidogo bila yeye kujua, eti muone kama anasema kweli. Nimewasikia watu wazima, wenye akili na wacha Mungu, wakilisema hili kama ujanja. Jaribio la Danieli aliliomba Danieli mwenyewe, na lilikuwa la kuondoa chakula. Kumfichia mtu kwenye mboga kitu alichosema kinamdhuru ni jaribio la aina nyingine, na likifaulu mtakuwa na msiba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia akikwambia wapo, anza kwa kumwamini.

Sasa niseme juu yetu sisi wa maombi, na hapa sitapunguza sauti. Katika shule zetu binti akianguka, akatoa macho na kuhema, neno la kwanza linalosikika ni mapepo. Vijana wa ushirika wanakuja mbio, wanamzunguka, wanamwekea mikono, wanakemea. Pengine saa nzima. Naamini katika maombi, ndiyo kazi niliyoitiwa. Lakini binti aliyekula dakika chache zilizopita, akatokwa na mabaka mwilini, midomo na ulimi vimevimba, sauti imekwaruza, anatapika au anasema ana kizunguzungu, huyo anakosa hewa na presha yake inashuka. Ombeni mkiwa mnakimbia. Nabii Isaya alipotumwa kumwambia mfalme Hezekia kwamba Bwana amesikia maombi yake, aliagiza pia uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Luka aliyefuatana na Paulo alikuwa tabibu, na Paulo hakumtaka aache kazi hiyo ili awe mtu wa imani.

Dawa ya saa hiyo ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja kwa upande wa nje. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na kichupa chake si cha bei kubwa. Zile kalamu za kujichoma mwenyewe ambazo wanafunzi wa Ulaya hubeba mfukoni ni nadra kwenye maduka ya dawa ya kwetu, kwa hiyo tunategemea zahanati. Vidonge vya mzio tulivyozoea vinatuliza muwasho. Koo linaloziba na presha inayoshuka haviwezani navyo, na kuvisubiri vifanye kazi ni kupoteza muda. Maziwa tunayompa kila mtu aliyekula kitu kibaya msimpe: anaweza kupaliwa. Mlazeni miguu iwe juu kidogo, au aketi kama pumzi inamtaabisha akilala, na asisimamishwe wala kutembezwa. Bodaboda, yeye katikati ya watu wawili, ni usafiri mbaya kwa mtu ambaye presha imeshuka; tafuteni gari, hata la kubebea mkaa. Akipata nafuu asirudishwe bweni mara moja, maana hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Mzazi unayempeleka mtoto mwezi huu, kabla hujageuza gari uliza maswali mawili. Zahanati iliyo karibu ina adrenalini? Na usiku ufunguo wa kabati anao nani?

Kwa wenye pumu nina machache zaidi, kwa kuwa hao ndio wengi. Baridi ya Njombe na Mafinga mwezi huu, moshi wa kuni kutoka jikoni, dawa ya mbu ya kuchoma, na yule mwenzenu anayejipulizia manukato bweni zima likanukia, vyote hivyo huamsha kifua. Godoro lianikwe juani Jumamosi, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto yakipatikana, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya fagio kupita. Inhela ikae mfukoni. Ikiwa imefungiwa kwenye tranka na funguo ziko kwa mwenzako, ni kama huna. Na anayeshindwa kununua kile kifaa cha kuivutia dawa vizuri ajue jambo hili: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha, kwa watoto waliobanwa na pumu, kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na inhela ikachomekwa pale, ilifungua kifua sawa na kifaa cha dukani. Mwombe mhudumu wa afya akutengenezee na akuelekeze.

Halafu dawa zenyewe. Kizazi cha wazazi kinaukumbuka mzio wa salfa, kwa kuwa kati ya 2001 na 2006 SP, yenye salfa ndani yake, ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa Tanzania, na wapo waliobabuka ngozi na midomo kabla dawa mseto haijachukua nafasi yake. Wengi wanadhani habari hiyo imekwisha. Salfa bado imo kwenye Septrin, na mwanafunzi mwenye kikohozi au kuhara huenda dukani peke yake, anasema nipe kitu cha tumbo, anameza njiani. Andika kwenye kikaratasi jina la kinachokudhuru, kikae nyuma ya kitambulisho chako. Mwuza dawa akisahau kuuliza, wewe toa.

Wako pia wanaoogopa meza yetu takatifu. Kwa wenzetu Wakatoliki Roma yenyewe imeliandikia waraka, mwaka 2003 na tena 2017, na kuruhusu mkate wa ngano wenye gluteni, yaani protini ya ngano, kidogo sana, au divai peke yake kwa asiyeweza kabisa. Kwetu Walutheri hakuna haja ya kusubiri waraka. Ukiwa na mzio wa ngano njoo uniambie kabla ya ibada, tutazungumza.

Kambi ya vijana ya Desemba maandalizi yake yameanza, na kamati inakutana Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Nimeomba fomu ya kujiandikisha iongezwe mstari mmoja, chini ya jina la usharika na kabla ya saizi ya fulana: kuna chakula au dawa inayokudhuru? Majibu yasiishie kwenye faili la katibu. Yaende kwa akina mama wa jikoni, maana mwaka huu wamekubali kupika mboga ya karanga kwenye sufuria yake, na mama msimamizi wao ameshatuma ujumbe kuuliza ni watoto wangapi, ili ajue miko ya kununua.